Jezi Namba Tano

Nilikuwa mfuaji wa timu, Pernik,
chini ya jukwaa la mashariki, chumba kisicho na dirisha,
mashine mbili za Kijerumani na moja yetu
iliyorukaruka kama mbuzi aliyefungwa.
Mechi sikuzitazama. Nilizisoma usiku
kwenye kikapu, jezi kwa jezi, kwa vidole.

Namba kumi ilinukia manukato.
Namba tisa, bukta yake ilichafuka magotini tu,
alipopiga magoti kushangilia.
Namba tano niliiloweka peke yake.

Zhelyazko Parushev. Bibi yake ndiye aliyempa jina,
maana kaka zake wawili walikufa wachanga,
na jina hilo, kwa lugha yetu, lina chuma ndani.
Alikuja ana miaka kumi na saba, shingo ndefu,
masikio kama ya kuazima.
Jumamosi ya kwanza akairudisha jezi nyeupe pe. Benchi.
"Nimekupunguzia kazi, shangazi Stoyna," akasema,
akatazama viatu vyake.

Hakunipunguzia tena.
Nyonga ya kulia: majani, ule ukijani usiosikia sabuni.
Kola: damu ya nyusi, kona ya dakika za mwisho.
Mgongoni: vidole vitano vya tope,
vya mtu aliyeshindwa kumpita akaamua kumvuta.
Mwaka wa sita madoa yakahama,
yakatoka kulia yakaja kushoto,
nami nikajua habari za goti kabla ya daktari.
Nilimwambia. Akasema, "Wewe fua tu."

Walimuuza Samsun msimu mmoja.
Akarudi na kovu refu kama zipu
na mazoea ya kunywa chai kwenye bilauri ndogo.

Kuna mechi moja ya theluji, mpira wa rangi ya chungwa,
Vratsa walikuja wanapigania roho yao.
Sifuri kwa sifuri.
Mume wangu Radoy, Mungu amrehemu,
akaja nyumbani akikung'uta kofia:
"Hakuna kilichotokea."
Nikamtupia soksi mbichi usoni.
Kilichotokea nilikuwa nacho kwenye beseni,
maji yamegeuka kahawa,
na mkono mmoja wa jezi ulikuwa umebaki Vratsa.

Magazeti yana safu ya waliofunga.
Safu ya mabao yaliyokufa njiani haipo,
nani angeyahesabu?
Hata mimi, hakuna aliyewahi kuingia chumbani
kusifu doa ambalo halipo.

Miaka kumi na saba, mabao mawili,
moja likiwa langoni kwetu.
Usiku ule jezi ililetwa imekunjwa,
mikono imeingizwa ndani,
kama shati la mtoto anayepelekwa kuomba radhi.
Niliikunjua. Nikaifua kwa nyuzi tisini
kama jezi nyingine yoyote.

Mechi yake ya mwisho niliisikia kupitia mabomba:
dakika ya sabini na moja, makofi,
kijana mwenye nywele za kupaka akaingia.
Kikapu kikashuka.
Jezi ilikuwa karibu safi.
Jasho tu, na chumvi yake kwapani.
Nikakaa juu ya ndoo.
Hapakuwa na tope kwa sababu
hakuwa amefika popote kwa wakati.

Juzi nilimwona sokoni, msimu wa pilipili za kuchoma,
kila uwanja wa nyumba unafuka moshi.
Sasa anaendesha lori la saruji. Kanenepa.
Binti yake anacheza mbele, akasema,
kwa sauti ya mtu anayeungama ukoo umeharibika.
Alisimama kwenye foleni kiubavu,
gunia begani, mguu mmoja nyuma,
na kila baada ya pumzi mbili tatu
aligeuza shingo ile ndefu, akatazama mgongoni.

"Zhelyazko," nikamwambia, "hakuna mtu."
"Najua," akasema.
Akatazama tena.