Nyinginezo (Taja)

Kijana wa dodoso, umekuja na kalamu mbili
kuniuliza kwa nini sihami. Huu mwaka wa kumi na moja,
wodi ile ile, njia ile ile ya alfajiri kutoka Kiborloni.
Umenipa visanduku: mshahara, nyumba, mafunzo, uongozi.
Mshahara? Usinichekeshe, jino linaniuma.
Nyumba nimepanga. Mafunzo nilikwenda mara moja,
tukapewa soda na begi.

Iko barua kabatini kwangu, chini ya kitenge cha msiba:
hospitali ya Njiro, Arusha, ina lifti, ina zulia,
wananiita kwa mara mbili ya ninachopata.
Nimeikunjua mpaka mikunjo imechanika.

Sikiliza. Mwaka ule zilipotea chupa nne za dawa ya usingizi.
Funguo zilikuwa kiunoni mwangu.
Matroni Aikande hakupaza sauti. Aliandika tu,
na karatasi ikapiga kelele kuliko kinywa.
Wiki tatu wenzangu walihesabu sindano kila nikitoka zamu.
Hata mlinzi, Kandidi, niliyemfunga kidonda kwa mikono yangu,
akawa anapekua kapu langu la ndizi.

Kisha chupa zikaonekana: daftari la chumba cha upasuaji,
mwandiko wa daktari,
kurasa mbili zilizogandana kwa chai.

Nikangoja barua nyingine, ya "tunasikitika", yenye mhuri.
Haikuja.
Jumapili, mvua ya masika, mbwa akabweka:
Matroni mlangoni, viatu mkono huu, matope hadi magotini,
mkono wa pili jani la isale, limepigwa fundo.
Hakusema "lakini". Hakusema "ofisi".
Mama alikuwa akimenya ndizi; akaweka kisu chini.
Kwetu isale haikataliwi,
anayeikataa ana neno na waliolala chini ya migomba.
Nikalipokea jani. Mkono wangu bado ulikuwa na hasira.

Sisemi nimesahau. Zipo siku nikimwona ameshika kalamu
tumbo linajikunja.
Ila sijui huko Njiro, wakikukosea,
wanakuja na nini mkononi.

Basi tia alama pale mwisho, Nyinginezo, taja.
Mstari wenyewe mfupi kama kucha.
Andika "jani".
Wakikuuliza chuoni jani gani,
waambie muuguzi aliitwa,
kitanda cha saba, dripu imekwisha.