Nyuma ya Bili ya Gesi

Nyuma ya bili ya gesi
Zenon ameandika zloti elfu moja mia tano
akapiga mstari chini yake, mara mbili,
kama mtu anayefunga mlango kisha akaongeza komeo.
Tymon, miaka kumi na minne, akaichukua kalamu:
elfu sita.
Hakupiga mstari. Namba ile ilisimama yenyewe,
imevimbisha kifua.

Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa namenya viazi.

Kompyuta yetu iko pale chini ya dirisha,
ina miaka kumi na mmoja, inakoroma kama jokofu lenye pumu.
Ukiiwasha, una muda wa kuchemsha chai,
kuinywa, kuosha kikombe,
na kujutia uliyoyasema jana.
Ndani yake mna hesabu za bekari tatu za hapa Łódź:
unga, hamira, mishahara, kodi,
kazi yangu ya usiku inayotulisha mchana.
Juzi ilizimika nikiwa katikati ya Novemba
na Novemba yote ikaenda nayo.

Dukani, karibu na kituo cha tramu, kijana Ksawery
alitutembeza kama mtu aonyeshaye bustani yake.
"Hii itawafaa miaka mitatu. Hii mitano.
Na hii," akashusha sauti, "hii hamtaijutia."
Zenon akauliza: "Na ile ya kwanza, tutaijutia lini?"
Kijana alicheka. Zenon hakucheka;
jino lake la nyuma linamsumbua tangu Oktoba,
na jino nalo lina bei.

Rahisi ni ghali, husema watu.
Lakini ghali nayo ni ghali,
hilo hawalisemi.
Mama yangu, aliyeshona mashati kiwandani miaka ishirini na saba,
alijinunulia cherehani ya bei ya chini
akaitukana kila Jumamosi mpaka uzeeni.
Jirani yetu Halszka alinunua piano kwa bei ya gari.
Leo anaanikia soksi juu yake.
Baina ya cherehani na piano
nimesimama mimi, vidole vinanuka viazi,
natafuta namba.

Kopo la kahawa: elfu tatu mia nne na sarafu.
Toa makaa ya mawe ya Januari.
Toa viatu vya Tymon,
ambaye miguu yake hukua bila kuniomba ruhusa.
Toa jino.

Nikamuuliza: elfu sita, za nini hasa?
Akaanza na kadi ya picha, akaja kwenye kumbukumbu,
maneno yakimtoka mbio, yakikanyagana;
kisha akalitazama kopo, akanyamaza.
"Nilianzia juu," akasema,
"ili mkinikata nibakiwe na kitu."
Zenon akavua miwani.
"Na mimi nilianzia chini kwa sababu hiyo hiyo."

Kumbe jikoni mwangu palikuwa na wachuuzi wawili,
na soko lote ni mimi.

Elfu mbili mia tatu.
Niliiandika kwa mkono wangu, maji ya viazi yakailowesha.
Kioo cha zamani kinabaki. Kibodi ya zamani inabaki,
pamoja na ile Z iliyofutika,
ambayo sote tunajua ilipo.
Hakuna aliyefurahi.
Hapo ndipo nilipojua tumepatia.

Tulileta boksi kwa tramu, theluji ikianguka,
Tymon amelipakata kama mtoto wa mgeni.
Zenon, aliyeendesha tramu hizo hizo miaka thelathini,
alikaza mguu sakafuni kwenye kila kona,
akifunga breki isiyokuwapo.

Usiku nikaiwasha. Ikawaka
kabla sijaligusa birika.
Na haikoromi. Haitoi hata pumzi.
Nyumba ikawa kimya kama hatujawahi kuijua,
na ndani ya kimya kile, sote watatu tukasikia:

to.
to.
to.

Bomba la jikoni. Sijui linavuja tangu mwaka gani.
Zenon akaichukua bili ya maji,
akaigeuza,
akaomba kalamu.