Madoa ya Msimu

Jumapili hunikuta na gunia mlangoni,
jezi ishirini na tatu zimeng'ang'aniana
kama bado ziko ndani ya skramu.
Bondeni maji huja saa kumi alfajiri,
yakija.
Kwa hivyo nalala nusu,
sikio moja nimeliacha mferejini.

Raga siijui. Refa akipuliza kipenga
mimi naangalia tu nani amelala chini.
Lakini udongo naujua.
Wetu wa Nakuru ni jivu la mlima uliowaka zamani,
hutoka kwa maji baridi na subira.
Wa Kakamega ni mwekundu, unashika uzi kama deni.
Wa Kisumu ni mweusi, wa mfinyanzi,
ukiufua kwa pupa unakucheka ukishakauka.
Nimetembea magharibi yote
mikono ikiwa ndani ya karai.

Novemba, ishirini na tatu ilikuja safi.
Imekunjwa. Imekunjwa, jamani, kama shuka la mgeni
aliyeaga kabla ya kulala.
Mwenyewe akaifuata nyuma, kijana wa Kaptembwo,
Enos Esilaba, miaka kumi na tisa,
masikio yote mawili bado mazima.
"Mama, hiyo usiifue. Haijacheza."
Nikainusa mbele yake.
"Imecheza," nikamwambia.
"Jasho la benchi lina chumvi kuliko la uwanjani."
Nikaifua. Nikaianika katikati ya zingine.

Mechi ya pili, safi.
Ya tatu, safi.
Ya nne, tone moja la chai.

Mshahara wake wa kwanza uliahidiwa tarehe tano.
Ukaingia kwenye simu tarehe ishirini na nane,
umekatwa nauli, umekatwa chakula cha kambini,
umefika umekonda kama aliyetoka hospitali.
Akamlipia mamake deni la unga,
akajinunulia kinga ya meno.
Basi.

Januari ikaja na doa la nyasi,
kiwiko cha kushoto, urefu wa kidole.
"Dakika nane," akaniambia. Akarudia: "Nane."
Mpira aliushika mara mbili,
mara moja ukamponyoka.
"Hilo doa, Mama, liache."
Niliache! Miaka kumi na mmoja ya sabuni
hakuna aliyewahi kuniomba hivyo.
Nikasugua kote, nikalizunguka
kama anayefagia anavyomzunguka
mtoto aliyelala mkekani.

Halafu Kakamega, wekundu mpaka kwenye kola. Dakika ishirini.
Halafu Kisumu, kipindi kizima cha pili,
jezi nzito kama ng'ombe aliyenyeshewa,
na damu kifuani.
"Si yangu," akasema akicheka.
Akaacha kucheka.
"Ni ya Odera. Tulikaa dawati moja."

Februari iliniletea vipande viwili.
Makasi ya daktari yalikata kutoka begani
hayakujali mshono.
Damu ina dawa: maji baridi, chumvi, usiharakishe.
Mkato wa makasi hauna sabuni.
Nilishona usiku huo kwa mwanga wa simu.
Uzi mweupe ulikuwa umeisha,
nikatumia wa samawati, mishono midogo midogo,
kazi ambayo ningemwonyesha hata askofu.

Jana akaja, mkono umefungwa shingoni.
Hakusema habari za mkataba, nami sikuuliza.
Alishika vibanio kwa meno,
akawa ananipa kimoja kimoja,
mpaka tukafika kwenye ile yake.

Nikasubiri aone mishono yangu.
Hakuiona.
Aligeuza mkono wa kushoto wa jezi,
akaunyoosha juani, akatafuta kiwikoni,
akalipata, limefifia, rangi ya chai ya rangi,
akalishika kwa kidole gumba
kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango
wa nyumba asiyo na hakika kama ni yenyewe.

Maji yakakatika.
Karaini zilikuwa zimebaki jezi tisa.