Kabla ya Mkate wa Kwanza

Saa tisa usiku unga umeshaumuka
na Quemchi yote imelala, isipokuwa mimi
na mvua, ambayo hapa Chiloé haihesabiki,
kwa kuwa haijapata kulala.

Redio niliinunua kwa mwalimu wa fizikia
aliyekuwa anahamia Temuco. Akanipa na kiti juu yake.
"Utakaa sana," alisema.

Mtihani nilifanyia Ancud, ukumbi wa zimamoto,
mara mbili.
Mara ya kwanza niliangushwa na swali la ukinzani:
waya ukiwa mwembamba, mkondo utafanyaje?
Miaka thelathini na minne nimelisha tanuri kuni,
najua moto ukibanwa hununa,
lakini karatasi haikuacha nafasi ya kuandika hivyo.
Mara ya pili msimamizi, kijana wa akina Barría,
aliniwekea soda mezani, akaninong'oneza:
"Mama, usiwaze. Gawanya tu."
Nikagawanya.
Wakanipa herufi tatu na tarakimu na herufi tatu,
jina la hewani,
jina ambalo hakuna aliyewahi kunigombeza nalo.

Kisha waya. Mita ishirini,
kutoka bomba la moshi hadi kwenye mtufaha.
Nikakata mrefu mno, nikapunguza;
nikapunguza mno, nikaunga.
Jirani akauliza kama sasa nawaanikia ndege nguo.

Wiki mbili sikugusa kitufe. Nilisikiliza.
Sauti zilipita kama watu nje ya dirisha lenye ukungu:
Mperu analalamikia goti,
mwanamke wa Brazili anauliza bei ya betri,
mtu fulani, sijui wa wapi, anakohoa na kuomba radhi.
Nilidhani walimwengu wana siri kubwa.
Kumbe wana magoti.

Juu ya tanuri nilibandika ramani.
Nilinunua na pini moja, ya kichwa chekundu.
Niseme kweli: niliitaka Japani.

Siku ikafika. Kidole kimejaa unga, nikabonyeza.
Wito kwa wote, wito kwa wote, wito kwa wote,
kwa sauti ya mtu anayebisha hodi
huku akiomba wenyewe wasiwepo.
Herufi yangu ya mwisho niliisahau.
Ikajibu chakacha tu, mafuta yanayokaanga mbali.
Tena.
Tena, na herufi zote safari hii.

Akaingia mwanamume, sauti safi,
kama yumo ndani ya sufuria.
"Tano tisa, nakupata tano tisa," alisema,
nami nikaandika kwa penseli, mkono unacheza.
"Nilikuwa naitafuta Ufini."
"Mimi Japani."
"Uko wapi?"
"Quemchi."
Chakacha.
Chakacha ndefu.
"Bi Eduvigis? Wa mikate?"

Belisario Mansilla, wa Aucar,
kilomita sita kwa barabara.
Miaka tisa ananunua kwangu kila Jumamosi
na neno lake ni moja: "Kumi."
Usiku ule aliongea dakika arobaini.
Kwamba usingizi ulimhama kiwanda cha samaki kilipofungwa.
Kwamba transfoma yake aliizungushia nyaya mwenyewe,
na ikamwunguza kidole, na kwamba alicheka.
Kwamba chumvi ya mikate imepungua tangu Machi.
Ni kweli. Daktari alinikataza mimi,
nami nikaukataza mji mzima.
Hakuna mwingine aliyegundua.

Harufu ndiyo iliyotuachanisha: mikate kumi na miwili, makaa.

Wahenga walinena, fimbo ya mbali haiui nyoka,
lakini hawakusema uichomeke wapi pini
mtu anapopanda hadi angani, akagonga,
akafunguliwa na jirani.
Niliichomeka palipo petu.
Kichwa chake chekundu kilifunika nyumba zote mbili,
na maji, na barabara.

Jumamosi alikuja, kofia inatiririka.
"Kumi," alisema, macho sakafuni.
Nikamfungia kumi.
Chumvi nilikuwa nimeirudisha.