Masomo ya Bogumiła kwenye Machimbo

Siku ya kwanza Bogumiła alitema mate
kabla hajanisalimia.
Aliyatemea kioo cha miwani yake ya kuzamia,
akasugua, akasuuza, akanigeukia: "Zamu yako.
Anayetaka kuona vizuri chini
hujidhalilisha kidogo juu."
Nami, dereva wa tramu wa Wrocław, miaka kumi na tisa
mtu wa tai na vifungo vinavyong'aa,
nikatema.

Ilikuwa Aprili, nje kidogo ya Opole,
kwenye machimbo ya chokaa ambako pampu zilizimwa zamani
maji yakajipandia, na hakuna aliyeyakataza.
Nyuzi sita. Ukichovya kidole,
kidole kinakuuliza kama una akili timamu.

Nilijifunga risasi kiunoni, kilo kumi na sita.
Alinichomolea vipande kimoja kimoja
kama mtu anayemtolea mtoto miiba ya samaki.
"Wengi hujitwisha mzigo kwa hofu ya kuelea,
kisha hushinda wakipiga mateke wasizame.
Beba unachohitaji.
Kinachobaki mpe Ludomir, ana gari."

Masikio, alisema, hayangojwi mpaka yaume.
Yabembeleze mapema, kila mita,
kama deni la dukani: ukilipunguza kwa vijisenti
mwenye duka hagongi mlango usiku.

Na usizuie pumzi.
Hilo alilisema mara saba. Mara ya nane aliliandika
kwa kalamu ya wino mgongoni mwa mkono wangu.

Kwenye mita nane nilifurahi, nikampa dole gumba.
Alinikamata mkanda akanipandisha taratibu hadi juu.
"Kuna nini?"
"Wewe ndiye uliyesema tupande."
"Nilisema mambo safi!"
"Huku chini dole ni safari. Mambo safi ni duara.
Jifunze ishara za watu kabla hujazitumia,
hasa ukienda ukweni."

Tukashuka tena, kulitafuta basi
walilolizamisha wazamiaji wenyewe ili wawe na pa kwenda.
Nililiona, nikalikimbilia kwa mateke yote,
tope likaamka, basi likatoweka.
Nikapunga mikono kulifukuza tope.
Likaja na ndugu zake.
Bogumiła akaandika kwenye kibao chake: ACHA.
Nikaacha. Ni kazi ngumu, kuacha; ilinitoa jasho
ndani ya maji ya nyuzi sita.
Kisha, polepole, kioo cha mbele. Taa moja. Mlango.
Ndani, sangara wanne juu ya viti,
hakuna aliyekata tiketi.
Nikakaa kwenye usukani.
Chombo kisichokwenda popote,
na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
sikuwa nimechelewa.

Ludomir akanigonga begani, akaonyesha geji yangu.
Nilikuwa nimesahau kuitazama.
Hewa, kama mshahara, haitangazi inapopungua;
ni bora uwe na mwenzako mwenye macho ya umbea.

Njiani kurudi tulisimama mita tano, dakika tatu,
watu wazima wawili tumening'inia kwenye kamba
kama nguo za Jumatatu.
Niliuliza baadaye, mbele ya supu ya żurek,
kwa nini tungoje wakati jua tunaliona.
"Mwili umeshafika," alisema Bogumiła akimenya yai,
"damu bado iko njiani. Isubiri."

Jioni, nyumbani, Halszka aliikuta suti yangu
ikichuruzika juu ya mashuka yake safi.
Alianza. Jibu lilinipanda kooni kwa kasi,
nami nikakumbuka: mita tano, dakika tatu.
Nikashika mpini wa friji. Nikavuta pumzi, nikaitoa.
"Mbona umeshika friji?"
"Nasubiri damu ifike."
"Itafika. Na huo mtungi utoke kitandani."
Nikamfungia duara, mambo safi.
Akanijibu kwa dole gumba,
likielekea mlangoni.