Safu ya Nne

Fomu ya madai ya mifugo ina safu tano.
Jina la mwenye mali. Idadi. Tarehe.
Ya nne: mnyama aliyeua.
Ya tano ni ya muhuri, na muhuri ninao mimi.

Asubuhi Ghasib bin Humoud kaleta masikio ya mbuzi
ndani ya mfuko wa mkate,
akayapanga mezani pangu mawili mawili
kama anayehesabu viatu vya watoto wake. Jozi saba.
"Andika dhibu. Usiku mmoja tu!
Kala mmoja, sita kaua kwa kiburi."

Sijafungua kalamu, Zuwaina wa chanjo
kadakia toka mlangoni: mbwa hao,
mbwa wa jalalani, waliozaliana
tangu kambi ya wajenga barabara ilipohama.
Dhibu hauwi saba. Dhibu ana hesabu.
"Umemwona akihesabu?"
"Wewe umemwona akiua?"
Kahawa ikapoa. Tende hazikuguswa.

Sheria iko ukutani, nyuma ya kioo chenye vumbi:
marufuku kumwinda, marufuku kumtega.
Na kila mtu hapa Ibra, mimi nikiwemo,
anaujua ule mgunga wa njia panda
walikomning'iniza dhibu mwaka juzi, miguu juu,
ulimi umekauka kama ukanda wa kiatu.
Magari yakapunguza mwendo. Watoto wakapiga picha.
Mbuzi wakaendelea kufa.

Mchana tukapanda hadi zizini.
Ambaye hatukuwa tumemuuliza alikuwa anachota maji:
Rafiqul, mchungaji, mwaka wa tisa huu,
alalaye na mbuzi wakati wenye mbuzi wamelala mjini.
Kiarabu chake ni cha kuamriwa: njoo, lete, funga, wangapi.
Hakina maneno ya kusimulia usiku.
Akanivuta mkono wa kanzu hadi nyuma ya jabali.

Mtego ulikuwa wazi, umetanuliwa kwa mtaimbo.
Kwenye meno yake kimebaki kidole kimoja,
kucha, na manyoya rangi ya mchanga uliolowa.
Kando yake bakuli la maji,
lile lile analolia wali.
"Ana maziwa," akasema,
akigusa kifua chake mwenyewe.

"Mtego si wangu," akasema Ghasib,
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.
Kisha, taratibu, kama anayesoma bei dukani:
kama ni dhibu, serikali italipa.
Kama ni mbwa, huo ni uzembe wa mchungaji,
na mbuzi saba ni mshahara wa miezi mingapi?
Zuwaina akainama kufunga kamba za viatu
zilizokuwa zimefungwa.

Sasa ni usiku, fomu iko mbele yangu.
Nikiandika dhibu, Rafiqul atatuma pesa kwao,
na kesho mitego itakuwa kumi, nitakuwa nimeipigia muhuri.
Nikiandika mbwa, yule mwenye vidole pungufu
atanyonyesha kwa amani,
na mtu aliyempa maji atalipa maji hayo
mpaka mwakani.

Bibi yangu alikuja kutoka Wete na masanduku mawili
na lugha isiyo na jina la mnyama huyu.
Usiku wake wa kwanza hapa alimsikia mlimani,
akakaa kitandani, akauliza:
"Nani huyo kafiwa?"
Wakamweleza. Akafikiri. Akasema basi,
huyo ni mbwa mwitu,
akalala.

Mbwa mwitu. Ningeweza kuliandika hilo,
lingewatosha wote wawili, mshitakiwa na mshukiwa,
mwenye mlima na mwenye jalala.
Lakini fomu ni ya Kiarabu,
na Kiarabu kina neno kwa kila mmoja wao.

Nje, mbwa wanabweka upande wa jalala.
Kisha wananyamaza wote kwa mpigo.
Nasubiri nisikie walichokisikia.
Kalamu imeacha nukta safu ya nne,
nukta inakua.