Salfa na Solfa

Baba yangu, Dunstani Mnali wa Lulindi,
kuanzia mwezi wa sita alikuwa na unga wa njano kwenye kola.
Salfa asubuhi, solfa jioni, alisema,
na sisi watoto tulicheka kila mwaka
kana kwamba mzaha ule umezaliwa jana.

Noti aliziandika nyuma ya stakabadhi za korosho.
Upande huu: kilo mia moja na arobaini, daraja la pili,
makato ya ushuru, makato ya magunia.
Upande ule: d : m : s,
na besi inashuka ngazi taratibu
kama mtu aliyebeba ndoo, hataki kumwaga.

Mama hakujua kusoma.
Alisimama sauti ya pili, wa tatu kutoka dirishani,
kitabu kimefunguliwa mbele yake ukurasa wowote,
kwa heshima tu.
Lakini kila wimbo mpya ulipitia kwanza jikoni kwake.
Baba ataimba, atangoja,
naye Mama, mchi mkononi, bila kugeuka:
"Hapo watu watakosa pumzi."
Baba anafuta.
Hata padri hakuwahi kufutiwa.

Nilipokuwa darasa la saba niliandika hadithi
ya mwanamke aliyeuza kengele ya kanisa.
Nikampa Baba, nikajificha nyuma ya choo.
Aliirudisha na wino mwekundu.
Makosa ya herufi hakuyagusa.
Aliweka vialama vidogo kati ya maneno:
hapa pumua.
Hapa usipumue, vumilia mpaka mwisho wa sentensi.
Nimechapisha vitabu viwili tangu hapo,
na bado nasoma kwa sauti, usiku, peke yangu,
nikitafuta pale ambapo angeniwekea wekundu.

Kanuti, kaka yangu, aliimba tena, sauti ya tatu.
Lugha yetu nayo ina ukatili wake:
hataimba tena.
Homa ya siku nne, Mkomaindo, kitanda cha karibu na mlango.
Padri alisema yanayosemwa.
Jumapili iliyofuata Baba alisimama mbele ya kwaya,
akainua mkono, akaushusha,
wakaingia wote kwa wakati,
yeye mdomo haukufunguka.
Katika daftari la mwaka ule kuna kurasa kumi na moja
zenye namba juu na hakuna kitu chini.
Hakuzichana.
Sijui ile ilikuwa imani au ukaidi.
Nilimuuliza mara moja.
Akaniuliza kama nimefunga mbuzi.

Tulimzika mwaka jana, kwa nyimbo zake mwenyewe,
na besi walichelewa, kama kawaida yao.
Karatasi zake nilizikuta kwenye kopo la biskuti,
zinanuka mashine ya kupulizia.
Chini kabisa, wimbo usio na jina.
Ya kwanza ipo, ya tatu ipo, ya nne ipo.
Ya pili ni nukta mbilimbili tu, pima baada ya pima,
nyumba zimejengwa, hazina watu.

Nikamwambia Mama: Baba hakumaliza.
Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Alimaliza. Hiyo ni yangu.
Ungeandikaje kitu ambacho kipo ndani ya nyumba?"

Basi tumekaa kizingitini, Juni hii,
yeye anachambua kunde, anaimba,
mimi naandika, nafuta, namwomba arudie.
Hapendi kurudia.
Sauti imepasuka juu, chini bado nzito.
Mstari wa tatu umemfikisha kwenye la,
na pale amebaki.
Sijui amesahau panapofuata au amepapenda.
Shambani kwa jirani mashine imewashwa,
unga wa njano unavuka ua kuja kwetu,
na mimi nimeandika l,
kisha kistari,
kisha kistari,
ambacho katika solfa, watoto wa kwaya wote wanajua,
maana yake ni: usiachie.